Chaja za bei rahisi Uganda: tatizo halianzi kwa mchuuzi

Vyumba vya kupanga vinapoungua Kampala au Jinja na tetesi zikaanza kwamba chanzo ni chaja ya simu, watu hugawanyika makundi mawili. La kwanza linataka chaja feki zipigwe marufuku, wachuuzi wakamatwe na mizigo yao iteketezwe. La pili linauliza: anayelala chumba kimoja na watoto watatu atatoa wapi shilingi 60,000 za chaja, wakati ile ya 5,000 inapitishwa dirishani mwa teksi kwenye foleni? Wote wana hoja, na nitajaribu kuzipima kwa haki. Ila nasema mapema kwamba wote wanamtazama mchuuzi na mnunuzi, na aliyeleta kontena haguswi.

Kwanza chaja yenyewe. Umeme wa ukutani hapa Uganda ni volti 240, na simu nyingi zinataka volti 5 tu. Ndani ya kile kiboksi, umeme wa ukutani hugeuzwa kuwa mkondo unaokwenda upande mmoja tu (DC), wenye karibu volti 340, ukakatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde, ukapitishwa kwenye transfoma ndogo. Upande mmoja wa transfoma hiyo kuna umeme unaoua. Upande wa pili kuna umeme ambao mtoto akiugusa hatahisi kitu. Kazi ya kwanza ya chaja, kabla hata ya kujaza betri, ni kuhakikisha pande hizo mbili hazikutani. Ndiyo maana bodi ya chaja nzuri huachiwa nafasi ya milimita kadhaa kati ya upande na upande, nyaya za transfoma hufungwa tabaka juu ya tabaka, na kapasita, kijisehemu kinachohifadhi umeme kidogo, inayovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine huwa ya aina maalumu, iliyoundwa ili hata ikiharibika isipitishe umeme wa ukutani. Mlangoni huwekwa fyuzi, ili mambo yakiharibika umeme ukatike kabla ya plastiki kuanza kuungua.

Fundi mmoja wa simu Busia, upande wa Uganda, alinipasulia chaja iliyokufa nijionee. Aliibana kwa koleo mpaka gamba likaachana, akaiweka bodi kiganjani.

“Mzee, nitafutie fyuzi hapo.”

Sikuiona.

“Hawakuweka, mzee. Wameunga waya tu.”

Kisha akapitisha ncha ya bisibisi kwenye ile nafasi kati ya upande wa ukutani na upande wa simu. Haikufika milimita moja, na tone la lehemu lilikuwa limemwagikia nusu yake. Akafungua tepu ya njano kwenye transfoma: ilikuwa imezungushwa mara moja tu, na chini yake nyaya za pande zote mbili zimelaliana, hazina kinachozitenganisha isipokuwa vanishi iliyopakwa juu yake. Kapasita ya kuvukia ilikuwa ya kawaida, ya buluu, haina alama yoyote ya usalama. Karibu nayo bodi ilikuwa imegeuka kahawia kwa joto. Na chaja hiyo ilikuwa imemtumikia mwenyewe miezi mingi bila lawama. Hapo ndipo ugumu wote ulipo, kwa sababu chaja ya hatari inajaza simu sawasawa na chaja salama, mpaka siku vanishi ile itakapochubuka.

Nje ya Afrika Mashariki jambo hili limepimwa. Mwaka 2016, UL, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa vifaa vya umeme, ilichukua chaja bandia 400 zenye nembo ya Apple zilizonunuliwa katika nchi mbalimbali. Zilizofaulu vipimo zilikuwa 3. Nyingine 12 zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa shoti. Kabla ya hapo, katikati ya 2013, zilitoka taarifa China za mwanamke aliyefariki akitumia simu iliyokuwa kwenye chaji, na Agosti mwaka huo Apple ikatangaza kupokea chaja zisizo zake na kumuuzia mteja iliyo halisi kwa bei ya chini, ambayo Marekani ilikuwa dola 10. Kampuni haifungui mpango kama huo kwa sababu ya porojo.

Sasa hamishia chaja ya namna hiyo kwenye chumba cha kupanga cha Katwe au Bwaise. Soketi ni moja, na ekistensheni imepita chini ya pazia linalotenga kitanda na jiko. Simu inalala kwenye godoro la sponji kando ya chandarua. Dirisha lina nondo za kuzuia wezi, mlango ni mmoja. Umeme unakatika jioni, watu wanaacha chaja ukutani, na usiku unarudi kwa kishindo kabla haujatulia. Chaja isiyo na fyuzi wala kinga yoyote hupokea kishindo hicho kifuani. Sponji ikishika moto moshi wake unalevya kabla hujaamka. Na hata bila moto, anayeshika simu iliyo kwenye chaji akiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji yenye maji hana kinga, maana vyumba vingi vya namna hii havina kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho kwa kawaida hukata mkondo ukifika miliampea 30. Wenye nyumba wanaokusanya kodi kila mwezi wangeweza kukiweka kimoja kwa safu nzima ya vyumba. Wengi hawajafanya, na hilo linaniumiza kuliko biashara ya wachuuzi.

Upande wa pili nao usikilizwe bila haraka. Simu Uganda ndiyo pochi. Tangu MTN ilipoanzisha huduma ya kutuma pesa mwaka 2009, mshahara wa kibarua, ada ya shule, umeme wa Yaka unaolipiwa kabla ya kutumika na mauzo ya nyanya vimehamia kwenye simu. Dereva wa boda ambaye simu yake imezima saa nne asubuhi amepoteza wateja wa siku nzima. Vijijini kusikofika umeme wa gridi, kuchaji kwenye kibanda cha sola kunaweza kugharimu shilingi 500 kwa mara moja. Kwa hesabu hiyo, aliyehamia mjini akanunua chaja ya 5,000 ameirudisha pesa yake baada ya kuchaji mara kumi. Anayemwambia mtu huyu “acha, nunua ya 60,000” anamwambia achague kati ya chaja na chakula cha wiki.

Tena si haki kubebesha chaja kila moto. Chaja ya wati 10 inavuta chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea. Haiwezi yenyewe kuzidisha mzigo kwenye waya za nyumba. Pasi na jiko la umeme vilivyochomekwa kwenye ekistensheni nyembamba moja vinaweza. Halafu iko tabia tunayoijua sote: chaja ya pini mbili haiingii kwenye soketi yetu ya pini tatu, basi mtu anasukuma kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu ili vizibo vya ndani vifunguke, kisha anaichomeka kwa nguvu. Soketi inalegea, inaanza kutoa cheche na joto, na siku ikiungua mtu anayelaumiwa ni aliyeuza chaja. Hata ule mwasho mdogo unaousikia ukipapasa mgongo wa simu ya chuma ikiwa kwenye chaji si ushahidi wa chaja feki kila mara. Chaja nzuri za pini mbili pia huvujisha mkondo mdogo sana kupitia kapasita ile ya usalama. Shoti inayokurusha mkono ndiyo ya kukimbia.

Kwa hiyo kundi la kwanza linapotoa ushauri wake mkuu, “nunua orijino”, mimi nauona kuwa nusu ya jibu. Bei haikuambii kilichomo. Kwenye maduka ya simu ya William Street, Kampala, utapata chaja yenye nembo kubwa ikiuzwa 50,000, boksi lake linang'aa, na ndani ni ileile ya Busia. Huyo mnunuzi amelipa bei ya usalama akapewa hatari, na kwangu huo ni wizi mkubwa kuliko wa mchuuzi anayekuuzia ya 5,000 bila kukuficha kwamba ni ya 5,000. Kinyume chake, simu za itel na Tecno za bei ya chini huja na chaja ndani ya boksi. Wanaopata shida zaidi ni wale wanaonunua simu kubwa zilizotumika. Apple iliacha kuweka chaja kwenye boksi Oktoba 2020, Samsung ikafuata kwa simu zake za juu mwaka 2021, na mnunuzi wa mtumba anaachiwa atafute yake barabarani.

Zipo alama za nje zinazosaidia kidogo. Kwenye plagi ya pini tatu, pini ya juu haitakiwi kuwa na kifuniko cheusi cha plastiki nusu yake. Kikiwepo, hiyo plagi imetengenezwa na mtu asiyejua kanuni. Kingo za pini ziwe angalau milimita 9.5 kutoka ukingo wa chaja, ili kidole kisifike kwenye chuma wakati wa kuchomoa. Kioo cha simu kikianza kujiandikia chenyewe ikiwa kwenye chaji, umeme unaotoka si safi. Chaja inayochoma mkono, inayonuka au inayolia, itupe. Adapta za laptopu ziangaliwe zaidi, kwa kuwa wati 65 ni joto jingi, na wanafunzi wa Wandegeya hununua kwa kulinganisha tundu tu bila kusoma volti. Lakini nafasi ile ya milimita moja haionekani kwa nje. Hakuna mama wa sokoni anayeweza kuipima, na si kazi yake.

Ni kazi ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lililoundwa kwa sheria ya 1983 na kuanza kazi 1989. Lina utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa, na mzigo unatakiwa ufike mpakani na cheti. Kwenye karatasi hilo ndilo jibu sahihi, maana kontena moja hukaguliwa kirahisi kuliko mifuko elfu ya wachuuzi. Ugumu ni kwamba wafanyabiashara wadogo huchanga kontena: viatu vya huyu, sufuria za yule, katoni za chaja za mwingine. Katoni moja ya chaja katikati ya mzigo kama huo hupita kwa urahisi, na ikishafika Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, imegawanyika mikono mingi. Msako unapokuja, anayekamatwa ni kijana mwenye kibao cha kutembeza, ambaye hawezi hata kusema chaja zilitoka kiwanda gani. Mtaji wake wote unaingia kwenye gari la serikali, na wiki inayofuata katoni nyingine imefunguliwa.

Wafanyabiashara wanasema ukaguzi ukizidi, bei itapanda na maskini ataumia. Woga wao una sababu. Aprili 2024 walifunga maduka Kampala wakipinga mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, EFRIS, na hawaamini kwamba sheria mpya itakuja bila faini mpya. Lakini kwa suala hili hesabu yao naikataa. Fyuzi, tepu ya kutosha na kapasita ya usalama, vikinunuliwa kwa jumla kiwandani, havifiki bei ya chapati moja ya Kampala, na kuacha nafasi kwenye bodi kunataka umakini wa mchoraji kuliko pesa. Mwagizaji akimwambia mwenye kiwanda kwamba mzigo usio navyo atauacha, chaja ya 5,000 inaweza kuwa ya 7,000 au 8,000. Haitakuwa ya 60,000. Kundi la pili limekubali kwamba usalama na bei nafuu haviwezi kukaa pamoja, na hapo ndipo ninapoachana nalo.

Upepo nao unasaidia. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unazitaka simu mpya zinazouzwa huko zitumie tundu moja la USB-C, na simu hizohizo ndizo zitakazofika kwetu kama mtumba. Chaja moja nzuri itaweza kuhudumia simu za nyumba nzima, kwa hiyo familia inaweza kuchanga kununua moja iliyo salama badala ya kila mtu kuwa na yake ya wasiwasi.

Ninachokitaka kwa UNBS na mamlaka ya mapato ni kitu kimoja kinachowezekana bila sheria kubwa: kila pakiti ya chaja au adapta inayouzwa Uganda iwe na jina la mwagizaji na namba ya mzigo ilioingilia. Chumba kikiungua, wachunguzi waanze na jina hilo, na mchuuzi awe shahidi badala ya mshitakiwa. Msako nao uende ghala la mwenye jina, ambako katoni bado ni mia na hazijawa elfu. Wapo watakaoandika majina ya uongo, hilo nalijua, lakini pakiti yenye jina lisilokuwepo kwenye kumbukumbu za forodha inajitambulisha yenyewe. Waagizaji wakubwa wameshasajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani, na kila mzigo uliopita Malaba au Busia kihalali una tamko la forodha lenye jina la mwenyewe. Serikali tayari inalijua jina hilo, kwa sababu ndilo ililotumia kumdai ushuru.