Mtoto Anayependa Kushinda Mpe Adui wa Kweli

Mzazi akilalamika kwamba mwanawe hakubali kushindwa, hakosi mtu wa kumwambia amnunulie mchezo wa kushirikiana, ule ambao wachezaji wote wako upande mmoja na wanashinda au kushindwa pamoja. Ushauri wenyewe ni mzuri, ila sababu zake huwa mbovu. Anayeutoa hudhani mchezo utampoza mtoto, umtoe uchu wa ushindi kama tope linavyotolewa kwenye kiatu. Nimecheza na watoto wa aina hiyo kwa miaka kadhaa sasa, wangu, wapwa zangu na wa majirani hapa Donholm, Nairobi, na uchu huo hautoki. Wala sioni kwa nini utoke. Mchezo mzuri wa kushirikiana huuchukua wote ulivyo na kuupa adui anayestahili.

Ndiyo maana michezo mingi inayosifiwa kwa upole wake haifui dafu mbele ya watoto hawa. Kampuni ya HABA ya Ujerumani ilitoa Obstgarten mwaka 1986: watoto wanarusha dadu ya rangi na kuchuma matunda kabla kunguru hajafika bustanini. Kwa mtoto wa miaka 4 ni raha tupu. Mpe wa miaka 9 aliyezoea kuwafunga wenzake drafti ya vifuniko vya soda kwenye ngazi za ploti, na baada ya muda mfupi atakuuliza, "Sasa mimi hapa nafanya nini?" Ana haki ya kuuliza. Inayocheza ni dadu. Yeye anahamisha matunda tu. Mtoto anayependa kushinda hataki ushindi wa bure. Anataka kushindwa kuwe karibu sana, na tofauti iletwe na akili yake.

Sasa chukua Forbidden Island, mchezo wa Mmarekani Matt Leacock uliotoka mwaka 2010. Vigae 24 vinapangwa mezani kuwa kisiwa, na kila zamu ikiisha vigae kadhaa vinafurika. Kilichofurika kikipatwa tena kabla ya kukaushwa, kinazama na kuondolewa kabisa. (Watoto wa Nairobi walioona mvua za Aprili 2024 hawahitaji maelezo marefu hapo.) Wachezaji, wawili hadi wanne, wanatafuta hazina nne. Kila mmoja ana kazi yake, awe rubani, mhandisi, mpiga mbizi au mjumbe, na kila zamu ana vitendo vitatu tu. Njia za kushindwa ni kadhaa. Ya kushinda ni moja: hazina zote zipatikane, watu wote wafike kwenye kigae cha kuondokea, na mmoja wao awe na kadi ya helikopta.

Hilo la "watu wote" ndilo ninalolipenda. Mpwa wangu wa miaka 11, ambaye hata kupanda ngazi kwake ni mashindano, alikuwa amechukua hazina ya mwisho na amesimama karibu kabisa na helikopta. Binamu yake wa miaka 7 alikuwa upande wa pili wa kisiwa, maji yamemzunguka. Kijana akasema, "Twendeni, huyu abaki." Nikamsomea kanuni: mmoja akizama, wote mmeshindwa. Akanyamaza. Akainama mezani na kuanza kuhesabu hatua kwa kidole, midomo ikicheza. Kisha akagundua kwamba akirudi nyuma na kukausha kigae kimoja cha katikati, mdogo wake angepata njia. "Usisonge! Ngoja zamu yangu, nakuja kukutoa!"

Wanaotaka mchezo ufundishe huruma watasikitika kusikia kwamba alimwokoa binamu yake kwa sababu alitaka kushinda. Mimi sikusikitika hata kidogo. Yule mdogo hakujali sababu. Alichoona ni kwamba kaka amegeuka akaja kumchukua. Tangu siku hiyo, hata wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, pale uwanjani, anang'ang'ania kuwa upande wake.

Leacock huyohuyo ndiye aliyetunga Pandemic, uliotoka mwaka 2008, wenye magonjwa manne yanayoenea katika miji 48 ya dunia. Nairobi haimo. Khartoum imo, Kinshasa imo, Lagos na Johannesburg zimo, lakini Nairobi hakuna, na watoto wangu waliichukulia kama tusi. Walibandika karatasi yenye jina la mji wetu juu ya Khartoum, jambo ambalo nadhani wenyeji wa Khartoum wangekuwa na neno nalo.

Ni kwenye Pandemic ndipo utakapokutana na tatizo ambalo wanaoisifu michezo hii huwa hawaligusi. Habari karibu zote ziko wazi mezani, kwa hiyo mtoto mwenye akili ya haraka anaweza kupanga zamu za kila mtu. Naye hupanga. Kwa kuwa hakuna wa kumshinda, anaamua kuwatawala. "Wewe nenda Lagos. Wewe nipe hiyo kadi. Aa, si hivyo, lete nikuonyeshe." Baada ya nusu saa kuna mchezaji mmoja na watumishi watatu. Nikipewa kuchagua, afadhali ugomvi wa ludo, maana kwenye ludo hata mdogo kabisa anarusha dadu yake mwenyewe.

Kamanda huyu hakuzaliwa hivyo, tumemlea sisi. Rika langu lilikua likiulizwa swali moja kila muhula: umekuwa namba ngapi? KCPE, mtihani wa darasa la nane hapa Kenya, ulifanywa tangu 1985 hadi 2023, na kwa miaka mingi matokeo yalikuja na orodha ya shule na watahiniwa bora magazetini, mpaka wizara ilipositisha orodha hizo mwaka 2014. Leo Mtaala wa Umilisi unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wa msingi, na mimi naunga mkono. Lakini tazama kazi ya kikundi inavyofanywa katika nyumba nyingi Jumapili jioni. Mtoto mmoja, au tuseme ukweli, mama ya mtoto mmoja, anakata manila na kubandika. Wengine wanaongeza majina yao chini. Watoto hawa wanajua kabisa maana ya kushirikiana: anayejua anafanya, wasiojua wanakaa kando. Ukiwaletea Pandemic watacheza vivyo hivyo.

Kumkemea kamanda hakusaidii. Ukimwambia "waache wenzako wafikirie", atanyamaza kidogo huku amevuta mdomo, halafu macho yake yataanza kutoa amri. Dawa ni kutafuta mchezo ambao hawezi kuamrisha hata akitaka. Wangu ni Hanabi wa Mfaransa Antoine Bauza, uliotoka mwaka 2010 na kushinda tuzo ya Ujerumani ya Mchezo wa Mwaka, Spiel des Jahres, mwaka 2013. Kadi ni 50, za rangi tano, nambari 1 hadi 5, na kila rangi inatakiwa kupangwa kwa mfuatano. Ajabu yake ni kwamba unashika kadi zako zikiwatazama wenzako. Wao wanaziona, wewe huzioni. Kwenye zamu yako unaweza kumdokezea mwenzako rangi au nambari, na vidokezo navyo vina hesabu yake: vinane, kisha mpaka mtu atupe kadi ili kimoja kirudi.

Mweke kamanda hapo umwone. Anazijua kadi za kila mtu isipokuwa zile anazotakiwa kucheza mwenyewe. Kutabiri zake hawezi, kusema zaidi ya kinachoruhusiwa hawezi, na anayemwangazia njia ni yule binamu wa miaka 7 anayenyoosha kidole: "Hii na hii ni mbili." Mara ya kwanza kijana alikasirika. "Mbili za rangi gani?" Mtoto akatikisa kichwa, kidokezo chake kimeisha. Ikabidi mkubwa ajiulize jambo ambalo nadhani hakuwahi kujiuliza kumhusu mdogo wake: kwa nini ameniambia hivi, sasa hivi? Akatazama kadi zilizolala mezani, akatazama mkono wa dada yake, akacheza moja. Ilikuwa yenyewe.

Tena Hanabi una alama, kilele kikiwa 25. Kwa mtoto wa mashindano hii ni zawadi. Alama yao bora imeandikwa kwenye karatasi mlangoni mwa friji, na wageni wote huonyeshwa. Kila wakikaa, wanapigana na karatasi ile. Uchu uko palepale, wala haujapungua, lakini hakuna mtoto anayeondoka mezani akiwa ndiye aliyepigwa.

Kuhusu The Mind wa Wolfgang Warsch, wa mwaka 2018, nitasema machache: kadi za nambari 1 hadi 100, zichezwe kuanzia ndogo kwenda kubwa bila mtu kutoa neno wala ishara. Hauna zamu. Wenye maneno mengi wanapata taabu, na inafurahisha kuwatazama.

Halafu ipo michezo ya kuigiza wahusika, ambayo watu huiogopa bure. Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka mwaka 1974, na kanuni zake za msingi zinapatikana bila malipo mtandaoni. Ni kitabu kirefu. Mimi nilichukua kiini tu: mtu mmoja anasimulia na kuweka vikwazo, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, na jambo likiwa na shaka dadu inaamua. Dadu mbili za ludo zinatosha. Watoto wetu wamekuwa wakicheza kalongolongo tangu zamani, huyu baba, huyu mama, huyu daktari. Kilichoongezeka hapa ni dadu na uwezekano wa kuharibikiwa.

Hadithi yetu ilikuwa ya matatu inayobeba chanjo usiku kutoka Muthurwa hadi zahanati moja kule Kikuyu. Kijana alichagua udereva, bila shaka. Mdogo akawa makanga, mwenye kipawa cha maneno. Binti yangu akawa fundi. Swali la kwanza la dereva lilikuwa, "Anti, nani anaongoza?" Hilo litarudi kila mara, na jinsi utakavyolijibu ndiyo kazi yako yote. Usimpe mtu alama za peke yake. Gari likifika, wote wanapanda daraja. Likikwama, wote wamekwama. Na mtoto mwenye uchu mpe kazi ya hatari kuliko zote, kisha uiache dadu imwangushe ikitaka.

Ilimwangusha karibu na Uthiru. Alitaka kulipita lori kwenye kona, akarusha dadu, ikatoka 3. Tairi likapasuka. Fundi akasema anaweza kulifunga lingine, ila lingine halipo. Kulikuwa na mzee mwenye pikapu kando ya barabara, na wa kuongea naye ni makanga peke yake. Kijana alikuwa na maneno yote tayari, niliyaona yakimpanda kooni. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, kwelikweli, macho yamemtoka. Mdogo akafikiri, akasema polepole, "Mzee, habari ya jioni. Tumebeba dawa ya watoto. Labda mjukuu wako yuko hapo." Akarusha. 11. Kelele alizopiga yule kijana hata goli la Gor Mahia halijawahi kuzipata nyumbani kwetu.

Msimulizi naye asiwe laini. Rusha dadu zako mezani mbele yao, wala usizifiche ili uwaokoe. Watoto hawa wananusa huruma upesi sana, na wakishajua kwamba watashinda hata wakizembea, wataanza tena kutafuta mtu wa kumshinda.

Nao watashindwa mara nyingi, maana michezo hii mingi imetungwa iwe migumu. Siwezi kusema hakuna machozi. Kuna kutafutana lawama, na kwa kawaida lawama zinamtafuta mdogo. Nyumbani kwangu kadi hukusanywa kwanza na kuchangwa, ndipo mtu aruhusiwe kueleza kilichoharibika. Kufikia hapo wengi wameshadai mchezo wa pili.

Bei ni kikwazo, sikatai. Nyingi ya michezo hii huletwa kutoka nje na bei yake hapa Nairobi inauma. Lakini The Mind ni nambari 100 kwenye vipande vya manila, na mchezo wa matatu haukunigharimu kitu zaidi ya sauti.

Wapo wanaoniuliza kama siwalegezi watoto, kwa kuwa maisha yenyewe ni mashindano. Waje wakae mezani kwetu wauone huo ulegevu. Wala sijaitupa michezo ya kupigana. Drafti ipo, karata zipo, na mpwa wangu akinifunga ana ruhusa ya kutamba hadi jioni. Nami nikimfunga hutamba vilevile, na binti yangu hutuhama sote wawili akaenda kusoma chumbani.