Miwani ya Mwalimu

Mwalimu aliyetufundisha hisabati asubuhi na riadha jioni alifariki mwaka jana, na siku ya mazishi yake kila mwanafunzi wa zamani aliyesimama kutoa rambirambi alinitazama mimi kwanza, akajikaza asicheke, ndipo akaanza kuzungumza. Siwalaumu. Katika miaka yote aliyofunza mbio, ni mimi peke yangu niliyemaliza mbio za kupokezana vijiti nikiwa nimeshika kitu kisichokuwa kijiti, na kwa kuwa kisa hicho kimezunguka muda mrefu kikitiwa chumvi kila kinapopita, naomba nikisimulie mwenyewe, walau chumvi iwe yangu.

Wazazi wake walihama Ugiriki kabla hajazaliwa. Nyumbani kwao kilizungumzwa Kigiriki, na nje ya nyumba yeye alizungumza lugha yetu kwa ufasaha uliotuaibisha wenye lugha, isipokuwa alipokuwa akijumlisha tarakimu nyingi ubaoni kwa haraka. Hapo midomo yake ilihamia Kigiriki bila yeye kujua, nasi tukatambua kwamba hesabu hiyo ilikuwa ngumu hata kwake. Uwanjani alituambia kwamba Wagiriki wa kale walikuwa na mbio za kupokezana mienge inayowaka, na kwamba timu iliyofika ya kwanza na mwenge uliozimika ilihesabiwa kuwa imeshindwa. Kila tulipodondosha kijiti tukakaa chini tumenuna, alikiokota, akakipangusa vumbi, akauliza kama kuna aliyeungua.

Kwake mbio za mita 100 kwa watu wanne zilikuwa somo la hisabati lililotoroka darasani. Alipenda kutuonyesha kwamba wanne wakipokezana vizuri hutumia muda mfupi kuliko jumla ya muda wa kila mmoja akikimbia peke yake, kwa sababu watatu kati yao huwa wameshachanganya mwendo kabla kijiti hakijawafikia. Leo mfano ni rahisi: rekodi ya Usain Bolt ya mwaka 2009 ni sekunde 9.58, na ukiizidisha mara nne unapata 38.32, lakini Jamaica, Bolt akiwemo, walikimbia kwa 36.84 mjini London mwaka 2012. Siku zetu eneo la kupokezana lilikuwa mita 20 tu, si 30 kama ilivyo sasa, kwa hiyo anayepokea hakuwa na anasa ya kugeuka kutazama. Alitoka mbio, akasikia neno, akapeleka mkono nyuma kiganja kikiwa wazi, akaamini.

Neno lenyewe ndilo lililoniponza. Timu zote ziliita "Shika!", na timu nane zikiita kwa pamoja mtu aliweza kushika kwa ajili ya shule isiyo yake. Mwalimu akaamua kwamba sisi tutaita "Pare!", yaani "chukua" kwa Kigiriki, neno ambalo hakuna mwingine uwanjani angelitamka. Akatufunza hadi likaingia kwenye mifupa. Alikunyemelea kwenye ujia wa madarasa, akasema "Pare!" nyuma ya sikio lako, na usipotoa mkono papo hapo ulizunguka uwanja mara mbili, ukiutoa, ulijikuta umeshika kipande cha chaki. Baada ya mwezi mmoja mkono wangu haukuwa ukiniomba ruhusa tena.

Siku ya mashindano mimi nilikuwa mkimbiaji wa nne, na kura ilitupeleka njia ya nane, ile ya nje kabisa, ambayo kwenye uwanja ule ilitenganishwa na watazamaji kwa kamba moja iliyolegea. Mwalimu alisimama ukingoni, hatua kama kumi mbele yangu, ameishika saa ya kupimia muda mbali na uso kama mtu anayesoma barua ya deni. Sikujiuliza kwa nini. Kumbe alikuwa ameisahau miwani nyumbani, na mama yake, bibi mdogo wa umbo ambaye lugha yetu ilimpiga chenga maisha yake yote, alikuwa ameiona mezani, akaifuatisha hadi uwanjani, na wakati bastola inalia alikuwa ameshafika kwenye kamba, nyuma yangu kabisa.

Nakiri kosa langu. Nilipaswa kumtazama mkimbiaji wa tatu hadi afike kwenye alama tuliyoichora kwa chokaa, ndipo nigeuke mbele na kutoka. Woga ulinigeuza mapema. Nilikuwa nimeinama, macho mbele, moyo ukinipiga masikioni, niliposikia wazi kabisa nyuma yangu: "Pare!"

Sauti ilikuwa ya kike. Hilo nililigundua usiku, nikiwa kitandani.

Bibi yule alikuwa akimwita mwanawe aje achukue miwani yake. Badala ya mwanawe, akaona mkono wa kijana asiyemjua ukirudi nyuma hadi mbele ya kifua chake, kiganja wazi, vidole vimenyooka, kwa utiifu ambao hakuwahi kuuona kwa kijana yeyote. Akaliweka kasha humo. Lilikuwa kasha la chuma, refu na jembamba. Kijiti cha mbio kina urefu wa sentimita 28 hadi 30, na kasha lile halikufika hata 20, lakini kiganja chenye hofu hakipimi.

Nikatoka. Nilimpita Mwalimu kama mshale nikiwa na miwani yake mkononi, na yeye, kwa kukosa miwani hiyo hiyo, hakuweza kuona nimebeba nini.

Mkimbiaji wetu wa tatu alifika mahali nilipopaswa kuwa, akakuta upepo. Angeweza kusimama, na mtu mwenye akili timamu angesimama, lakini na yeye alikuwa amefunzwa na Mwalimu, kwa hiyo alinifuata mbio akipiga kelele "Pare! Pare!" hadi sauti ikamkauka. Nilimsikia, nikadhani ni wenzetu wanashangilia. Niliwasikia na watazamaji wakicheka, nikadhani ni furaha. Nilikata utepe wa kwanza, mbali mbele ya wote, nikainua mkono juu ili kila mtu aone kijiti.

Mwalimu alikuja akikimbia, uso umejaa nuru. Nikamwuliza tumetumia sekunde ngapi. Akaisogeza saa mbali, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena.

"Siioni, mwanangu. Nimesahau miwani."

Hapo ndipo nilipoutazama mkono wangu.

Nikampa kasha. Akalifungua, akavaa miwani, akaisoma saa, akanitazama mimi, akalitazama kasha, kisha akamtazama mwenzangu aliyelala kifudifudi baada ya kukimbia karibu mita 200 mfululizo, kijiti kikiwa bado mkononi mwake, na nikaona midomo ya Mwalimu ikianza kuhamia Kigiriki.

Tuliondolewa, bila shaka. Kijiti kinatakiwa kipokewe ndani ya eneo lake, na chetu hakikupokewa mahali popote. Mwamuzi aliuliza kwa upole kama tungependa kukata rufaa. Mwalimu akajibu kwamba angefurahi sana kuisoma rufaa hiyo, ila hajui nani angeiandika.

Nilitarajia kukaripiwa. Badala yake jioni ile alituketisha wanne kwenye nyasi, akatueleza kwamba mwaka 1912, mbio hizo zilipoingia kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki mjini Stockholm, Marekani na Ujerumani zote ziliondolewa kwa makosa ya kupokezana, na kwamba mwaka 1936 mjini Berlin wanawake wa Ujerumani walikuwa wakiongoza fainali, nchi nzima ikiwatazama, wakadondosha kijiti mkononi mwa ushindi. Sisi, alisema, hatukudondosha chochote. Tulikuwa na kitu kimoja zaidi ya kilichohitajika. Kisha akacheka hadi akavua miwani kufuta machozi, na tangu siku hiyo miwani ile ilifungwa kamba shingoni mwake.

Mama yake hakuwahi kuelewa kwamba tulishindwa. Kila nilipowatembelea, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto, alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuwaeleza wageni, kwa Kigiriki, habari za kijana mwenye adabu ambaye aliombwa apeleke miwani akaipeleka kwa kukimbia. Mwalimu alitafsiri neno kwa neno, uso umekauka, bila kusahihisha kitu. Mwishoni bibi aliuliza swali lile lile, naye akalitafsiri pia: yule kijana mwingine, mwenye fimbo, alikuwa ananikimbiza kwa kosa gani?