Kamera ya Harusi ya Masasi Haihitaji 8K

Siku hizi kamati ya harusi huku Mtwara ikikutana na mpiga picha, mazungumzo yanaanzia kwenye video. Picha za mnato zinadaiwa kama nyongeza. Wanataka kipande kifupi cha kurusha WhatsApp usiku uleule, na video ndefu ya kuwatumia ndugu walioko Dar es Salaam. Viwanda vya kamera navyo viko huko huko kwenye video. Mwaka 2008 Nikon D90 ilikuwa DSLR (kamera ya picha yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha) ya kwanza kurekodi video. Mwaka 2024 Nikon hao hao wakainunua RED, kampuni ya kamera za sinema.

Nafurahia mabadiliko haya. Kinachoniuma ni namna tunavyonunua. Vijana wanauliza megapikseli ngapi, ina 8K, yaani video yenye nukta nyingi kuliko 4K na Full HD? Mimi nauliza: itarekodi muda gani bila kujizima?

Kamera nyingi za mtumba hujikata zikifika dakika 29 na sekunde 59. Si ubovu. Ulaya, kamera iliyoweza kurekodi dakika 30 au zaidi mfululizo ilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa ushuru, basi viwanda vikaziwekea kikomo. Ushuru ulikuwa wa Ulaya, anayeumia ni bibi harusi wa Masasi ambaye kiapo chake kimeangukia dakika ya 30.

Halafu kuna joto. Kamera ya Canon R5 ilipotoka mwaka 2020, Canon wenyewe walitaja kama dakika 20 tu za 8K, tena kwenye nyuzi 23. Programu mpya zilisaidia baadaye, lakini nyuzi 23 mchana wa Desemba hapa Mtwara utazipata wapi? Mwali anapotolewa nje, ngoma inapigwa juani saa nzima na zaidi. Kamera iko kwenye tripodi, ukiigusa mgongoni unaondoa mkono haraka. Ndiyo maana kamera za Panasonic S1H na Sony FX3 zimewekewa feni ya kuzipoza, na kwa kazi zetu feni hiyo ina thamani kuliko 8K.

Hata 4K ina gharama zake. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula GB 45 za kadi. Sherehe ya saa sita ni GB 270, kabla hujahifadhi nakala ya pili. Full HD safi, yenye sauti inayosikika, inawatosha kabisa wateja wetu wanaotazama kwenye simu.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mwombe muuzaji aiwashe irekodi saa nzima nje ya duka, juani. Akikataa, ondoka na hela yako.