Mvua ya Spa 2021: kusimamisha mbio hakukuwa kosa, kuziita mbio ndilo kosa

Mvua ilinyesha Ubelgiji, lawama zikafika mpaka Dodoma. Jumapili ya tarehe 29 Agosti 2021, mbio za magari za Formula 1 za Spa-Francorchamps zilipangwa kuanza saa kumi jioni kwa saa za hapa kwetu. Mwezi huo Dodoma ni vumbi na upepo tu. Mvua ya mwisho huwa imekatika zamani na nyingine haitazamiwi mpaka kuelekea Desemba. Aliyewasha king'amuzi saa kumi aliona magari, baada ya kuchelewa kidogo, yakizunguka taratibu nyuma ya gari la usalama (linaloongoza msafara njia ikiwa ya hatari, na haliruhusiwi kupitwa), kisha yakarudi kusimama. Akasubiri. Saa moja na dakika kumi na saba usiku magari yakatoka tena nyuma ya gari lilelile, yakazunguka kidogo, bendera nyekundu ya kusimamisha ikatolewa, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyempita mwenzake hata mara moja katika ushindani. Hata hivyo mshindi alitangazwa, jukwaa likapandwa, pointi zikagawiwa.

Matokeo rasmi yanahesabu mzunguko mmoja kati ya 44 iliyopangwa: kilomita 6.880 kwa dakika 3 na sekunde 27. Mshindi, Max Verstappen, alipewa pointi 12.5, George Russell wa pili 9 na Lewis Hamilton wa tatu 7.5, nusu ya kawaida. Kabla ya siku hiyo, mbio fupi kuliko zote zilikuwa za Adelaide mwaka 1991, nazo angalau zilifika mizunguko 14 na watu walishindana kweli.

Tangu hapo, kila mvua kubwa inapoharibu mbio, ubishi uleule unarudi. Kuna wanaosema madereva wa siku hizi wamedekezwa: hawa ndio bora duniani, wanalipwa mamilioni, mbona dereva wa basi la Dar anapita Gairo na Kibaigwa kwenye mvua ya Januari akiwa na abiria zaidi ya hamsini? Kuna wanaojibu kwamba burudani haina thamani ya maisha ya mtu. Na kuna walioumia kwa sababu ya fedha na muda, hasa waliosimama kwenye tope la Ardennes, vilima vya Ubelgiji iliko Spa, kutwa nzima. Hoja ya basi la Gairo ndiyo inayotajwa sana huku kwetu, kwa hiyo ni haki ijibiwe kwa vipimo, si kwa kubezwa.

Basi lina kikomo cha kilomita 80 kwa saa na uzito wa tani zaidi ya kumi. Gari la Formula 1 la 2021 lilikuwa na uzito wa chini wa kilo 752 pamoja na dereva wake, na tairi la nyuma lenye upana wa milimita 405. Land Cruiser ya mashambani ina zaidi ya tani mbili juu ya matairi yasiyofika milimita 300. Kitu chepesi chenye matairi mapana ndicho kinachoelea upesi. Mifereji ya tairi hutoa maji kwa kiasi chake. Kina cha maji kikizidi uwezo huo, tairi hupanda juu ya maji na usukani na breki vinabaki mapambo. Tena sakafu ya gari hilo iko sentimita chache tu kutoka ardhini. Likiingia kwenye kidimbwi, hata sakafu yenyewe inaweza kukaa juu ya maji kama mtumbwi, na hapo dereva awe bingwa au mwanafunzi, matokeo ni yaleyale.

Kuelea bado si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo kubwa ni kutoona. Pirelli, wanaotengeneza matairi hayo, wanasema tairi moja la mvua kubwa linaweza kuondoa lita 85 za maji kwa sekunde gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Zidisha kwa nne upate lita 340, yaani ndoo kubwa 17 kila sekunde. Tenki la lita 1,000 lililo juu ya nyumba nyingi za Dodoma, ambalo familia hulichunga siku ambazo bomba halitoi, gari moja lingelimaliza ndani ya sekunde tatu. Maji hayo hayapotei. Yanarushwa nyuma na juu, yakipandishwa zaidi na hewa inayotoka chini ya sakafu, yakawa ukungu mweupe unaoning'inia njiani. Anayelijua vumbi la barabara za ndani huko Bahi au Chemba, pale lori likiwa mbele yako na wewe huoni hata taa zake, anaijua hali hiyo. Tofauti ni kwamba kwenye vumbi lile unapunguza mwendo mpaka kilomita 20. Kwenye Spa uko gari la kumi na tano, unapanda kona ya Raidillon ambako huoni ng'ambo ya kilima hata siku ya jua, na kama kuna gari limegeuka njiani utalijua baada ya kuligonga.

Wanaosema huo ni woga wa kufikirika waangalie wikiendi ileile. Ijumaa, magari sita ya mashindano ya wanawake ya W Series yaligongana hapohapo Raidillon njia ikiwa na maji. Jumamosi dereva Lando Norris akapata ajali hapohapo wakati wa kutafuta nafasi za kuanzia, muda mfupi baada ya dereva mwenzake Sebastian Vettel kudai redioni kwamba kipindi hicho kisimamishwe. Jumapili Sergio Pérez aligonga ukuta akiwa anaelekea tu kwenye gridi, yaani mahali pa kuanzia, hata mbio hazijaanza. Nyuma ya hayo kuna dereva Jules Bianchi, aliyeteleza kwenye mvua Suzuka, Japani, mwezi Oktoba 2014, akaingia chini ya mashine iliyokuwa ikiondoa gari jingine, na kufariki Julai 2015. Na miaka miwili baada ya Jumapili ile, Julai 2023, kijana Dilano van 't Hoff wa miaka 18 alifariki palepale Spa, kwenye mvua, katika mbio za daraja la chini. Kwa hiyo kuhusu kusimamisha, sioni hoja ya upande wa pili yenye miguu ya kusimamia.

Lakini naelewa kwa nini shabiki wa Tanzania anaiona vingine. Mbio za magari alizorithi ni za rali. Safari ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilijengewa sifa na mvua yenyewe: mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na 1968 tena saba. Tope ndilo lilikuwa mtihani, na anayekwama amekwama kwa haki. Shabiki aliyekulia kwenye masimulizi hayo akiona magari ya mabilioni yanaogopa lami iliyolowa, lazima acheke.

Kinachosahaulika ni kwamba rali hutoa gari moja baada ya jingine, kwa dakika kadhaa kati yao, na moja ya sababu zake ni kwamba vumbi lipate kutulia. Hakuna anayeendesha ndani ya maji ya mwenzake. Gari lina nafasi kubwa chini, matairi membamba yanayochimba, na kosa la kawaida ni kuzama kwenye mbuga nyeusi na kupoteza dakika arobaini. Korongo likijaa, unasimama ukingoni. Mtu wa Dodoma anajua korongo halina ubishi: maji huja kwa ghafla kutoka mvua iliyonyesha mbali, na mara nyingi ukisubiri saa chache yanapungua ukapita. Ni michezo miwili tofauti kabisa, na kipimo cha ujasiri wa mmoja hakiwezi kutumika kwa mwingine.

Tukubali pia kwamba wanaolalamikia tahadhari kupita kiasi wana ushahidi wao. Montreal mwaka 2011 mbio zilisimamishwa kwa mvua zaidi ya saa mbili, zikaendelea, na Jenson Button aliyekuwa wa mwisho akashinda kwenye mzunguko wa mwisho kabisa. Jumla ilikuwa saa nne na dakika nne, na mashabiki bado wanazisimulia. Interlagos, Brazil, mwaka 2024 Verstappen alianzia nafasi ya 17 kwenye mvua akashinda. Hizo ndizo mbio zinazotengeneza majina. Na Julai 2025, Spa ileile, wasimamizi walichelewesha mbio kwa dakika 80. Zilipoanza njia ilikuwa inakauka upesi, na baada ya mizunguko kumi na kitu madereva wakaanza kuweka matairi ya kavu. Verstappen na baadhi ya mashabiki walisema wamesubirishwa bure, na kwa siku ile nadhani walikuwa na haki. Ila tofauti ya kosa moja na jingine ni kubwa. Ukisubiri mno unapoteza saa moja. Ukiwahi mno, kinachopotea hakirudi.

Kuna jambo la kiufundi linalofanya kusubiri nyuma ya gari la usalama kuwa kubaya kuliko inavyoonekana. Tairi la mvua linahitaji joto ili lishike. Mwendo ukiwa mdogo, tairi hupoa, upepo wake hushuka, gari linakaa chini zaidi na sakafu inagusa maji mapema. Yaani msafara ule wa polepole unaoonekana salama hauwapi madereva picha ya kweli ya njia, na unayaacha magari katika hali mbaya kuliko yalivyotoka gereji. Kwa hiyo kutoa magari saa moja usiku kwa mizunguko michache hakukuwa jaribio la maana sana la kujua kama mbio zinawezekana.

Sasa hapa ndipo hasira za mashabiki zinapopata haki yake yote. Kanuni ya wakati huo ilisema mizunguko ikizidi miwili lakini isifike asilimia 75 ya umbali, yaani 33 kwa Spa, zitolewe nusu pointi. Haikusema mizunguko hiyo iwe ya ushindani. Siku ile muda wa saa tatu uliowekwa ulikuwa unakwisha; wasimamizi wakasimamisha saa ikiwa imebaki saa moja, kwa sababu ya dharura. Hatua hiyo ingeeleweka kama lengo lilikuwa kupata mbio. Lakini kilichopatikana ni idadi ya mizunguko inayotosha kanuni, si zaidi; magari yalipita mstari mara tatu, ingawa matokeo rasmi, ambayo hurudishwa nyuma bendera nyekundu ikitolewa, yalihesabu mzunguko mmoja tu. Orodha ya matokeo ikawa nafasi za kuanzia za Jumamosi, zikiwa zimevaa nguo ya Jumapili.

Hamilton alisema wazi kwamba mashabiki warudishiwe fedha zao. Wengi walienda mbali zaidi wakadai kwamba mizunguko ile ilifanywa ili mikataba ihesabike kuwa imetimizwa na fedha zisirudi. Stefano Domenicali, mkuu wa Formula 1, alikanusha kuwa biashara iliamua. Hakuna haja ya kumwita mtu mwongo. Tatizo ni kwamba kanuni yenyewe iliruhusu kitu kinachofanana kabisa na hila, na mtu aliyelowa tangu asubuhi hawezi kulaumiwa kwa kuona hila.

Hata hivyo, wanaodai kwamba pointi zile ziliiba ubingwa wa mwaka huo wapige hesabu. Kabla ya mbio za mwisho Abu Dhabi, Verstappen na Hamilton walikuwa sawa, pointi 369.5 kila mmoja. Ondoa Spa: Hamilton 362, Verstappen 357. Abu Dhabi Verstappen alipata 26 na Hamilton 18. Mwisho wake ni 383 kwa 380, bingwa yuleyule. Lakini kuingia mbio za mwisho ukiwa mbele kwa pointi tano si sawa na kuingia mkiwa sare. Mipango ya timu ingebadilika, na hapo hakuna kikokotoo kinachoweza kusema kitu.

Mwaka 2022 kanuni ilibadilishwa. Sasa hakuna pointi mpaka anayeongoza amalize angalau mizunguko miwili bila gari la usalama. Mbio zisipofika robo ya umbali, watano wa kwanza ndio hupata, 6 kwa mshindi. Kati ya robo na nusu, mshindi 13. Kati ya nusu na asilimia 75, mshindi 19. Ni ngazi nzuri. Kabla mwaka haujaisha ilivuja: Suzuka, Oktoba 2022, mbio zilikatwa na mvua zikaishia mizunguko 28 kati ya 53, lakini pointi zikatolewa kamili, kwa sababu maneno ya kanuni yalihusu tu mbio zilizosimamishwa zisirejee. Zile zilikuwa zimerejea. Mashabiki walikaa wakibishana kama Verstappen ameshakuwa bingwa au bado. Tundu hilo likazibwa msimu uliofuata.

Aliyebaki nje ya marekebisho hayo ni mwenye tiketi. Dereva ana ngazi inayomwambia atapata nini mbio zikikatwa robo au nusu. Aliyelipa kiingilio hana. Waandaaji wana utetezi wao, na si mdogo: wasimamizi wa njia, walinzi, madaktari na helikopta vyote vimeshalipwa hata gari moja lisipozunguka, na kurudisha fedha zote kunaweza kumaliza uwanja. Basi watumie ngazi ileile ya pointi. Mizunguko miwili ya ushindani isipofika, fedha yote irudi, au tiketi ya mwaka unaofuata kwa atakayeitaka. Isipofika robo, irudi robo tatu. Isipofika nusu, irudi nusu. Iandikwe nyuma ya tiketi kwa herufi zinazosomeka, bima ikatwe kwa hesabu hiyo, na kipaza sauti kiwaambie watu kila nusu saa maji njiani yamefikia wapi na uamuzi wa mwisho utatolewa saa ngapi.