Dodo chini ya mwarobaini kaliweka nani

Kuna msemo tunautumia kila siku mtu akipata kitu bila jasho, tunasema jamaa kaokota dodo chini ya mwarobaini. Tunausema kwa wivu kidogo na kwa furaha kidogo, bahati yake bwana. Ila mi kila nikiusikia najiuliza, mwarobaini umeanza lini kuzaa maembe? Lile dodo halikudondoka kutoka kwenye ule mti. Kuna mtu alipita nalo, kapu likatoboka, au alikaa kivulini akalisahau, na saa hizi inawezekana kabisa anarudi njia ileile macho yapo chini anatafuta.

Mjadala wa kitu cha kuokota mara nyingi unaanza upande wa aliyeokota, kwamba ana bahati, ana shida zake, Mungu kamuona. Mi nataka tuanze na yule anayerudi njia ileile, halafu tuone hoja za kukaa na kitu zinabaki na nguvu kiasi gani, maana zipo na si zote za kijinga.

Ile ya kwamba mwenyewe ni mzembe sitaki hata kuikalia, yeyote aliyewahi kushuka kwenye gari na mtoto mgongoni na mizigo miwili mkononi anajua vitu vinavyodondoka. Ile ya pili, kwamba nisipochukua mimi atachukua mwingine, ni kweli kabisa, lakini angalia inachokuruhusu, inakuruhusu ukiinue kile kitu pale chini na basi, habari ya kukiingiza ndani kwako na kukifanya chako haimo humo.

Alafu kuna wanaoleta sheria. Huwa wanaitaja kesi moja ya zamani sana ya Uingereza, Armory dhidi ya Delamirie, ya mwaka 1722. Kijana aliyekuwa anafanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi kwenye majumba aliokota kito, akakipeleka kwa sonara kikaangaliwe thamani, msaidizi wa sonara akachomoa mawe yote akamrudishia fremu tupu. Yule dogo akashtaki na akashinda, mahakama ikasema aliyeokota ana haki kwenye kile kitu dhidi ya watu wote isipokuwa mwenyewe. Watu wanaikariri nusu ya kwanza tu, dhidi ya watu wote, wanashangilia kwamba kumbe aliyeokota ni wake. Sasa ile isipokuwa mnaipeleka wapi? Haki aliyopewa yule kijana ni ya kukilinda kito kisiliwe na sonara, na ndo maana mi hiyo kesi naipenda, kwa sababu inatuleta kwenye hoja ninayoiona ni nzito kuliko zote.

Hoja yenyewe ni hii, wale nitakaowapelekea watakula. Nimeokota pochi, nikaipeleka kwenye kaunta ya ofisi fulani, nikaiacha pale kwa moyo safi, na mwenyewe asiione mpaka leo kwa sababu yule niliyemkabidhi aliona dodo. Hii siipuuzi hata kidogo, na anayeipuuza hajawahi kurudisha kitu. Ikiwa uaminifu wangu unaishia kumtajirisha mtu asiye mwaminifu kwanini nisinufaike mimi ambaye angalau nilihangaika? Inauma na ina mantiki yake. Lakini ikiisha kukuuma ukiitazama vizuri utaona inachotaka ni njia nyingine ya kurudisha, yaani mtafute mwenyewe moja kwa moja, au kabidhi mbele ya mtu wa tatu, iandikwe kwenye daftari na wewe ubaki na picha.

Inayofuata ni woga. Unarudisha pochi, mwenyewe anafungua anahesabu, anakwambia mbona humu zilikuwa nyingi kuliko hizi. Hapo umeshageuka mtuhumiwa kwa wema wako. Hili nalo ni la zamani sana, mpaka waalimu wa Kiyahudi walilitungia kanuni kwenye Mishna, mkusanyiko wao wa sheria, kama miaka 1800 iliyopita, wakasema aliyeokota akarudisha asiapishwe, kwa ajili ya utengamano wa dunia, maana watu wakijua watakokotwa kwenye viapo kila wakirudisha kitu wataacha kabisa kuinama. Naona wale wazee walielewa kitu ambacho sisi tunakisahau, kwamba kurudisha kunategemea pia anavyopokea yule anayerudishiwa. Ukiletewa pochi yako ukaanza kuhesabu hela mbele ya aliyekuletea kwa jicho la polisi, umemfundisha kitu, na pochi ya mtu mwingine itakayodondoka mwezi ujao ndo italipia somo lako.

Sasa watu kiukweli wanarudisha au hawarudishi? Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Alain Cohn na wenzake, walisambaza pochi zaidi ya 17,000 kwenye miji 355 ya nchi 40, wasaidizi wao wanaingia benki, hotelini, posta, sehemu kama hizo, wanamwachia aliyepo mapokezi wanasema nimeiokota hapo nje nina haraka tafadhali ishughulikie. Pochi ni ya kuonyesha ndani, ina kadi zenye jina na barua pepe, ina orodha ya manunuzi na ufunguo, nyingine zina hela nyingine hazina. Ungetegemea zenye hela zipotee. Ikawa kinyume, zisizo na hela walioandika kumtafuta mwenyewe walikuwa kama asilimia 40, zenye hela asilimia 51, na kwenye nchi tatu walizoongeza hela nyingi zaidi, Marekani, Uingereza na Poland, ikapanda mpaka 72. Wenyewe wanaeleza kwamba kadiri hela inavyokuwa nyingi ndivyo mtu anavyojiona mwizi akikaa nayo, na hilo jina hakuna anayetaka kujiita hata akiwa peke yake.

Kuna kitu kidogo hapo watu wengi hawakioni. Kwenye zile nchi tatu walijaribu pia pochi zenye hela lakini hazina ufunguo, na kurudishwa kukapungua kama pointi 9. Ufunguo kwa aliyeokota ni chuma tu, kwa mwenyewe ni mlango wa nyumbani. Maana yake watu pale kaunta walikuwa wanamfikiria mtu, hawaangalii tu nafsi zao. Nakubali huu utafiti una mipaka yake, watu wa mapokezi wapo kazini na wanaonekana, tofauti na wewe peke yako barabarani saa mbili usiku, na baadaye watafiti waliourudia China waliona wengi hawakuandika barua pepe ila pochi walikuwa wameitunza salama wanamsubiri mwenyewe arudi. Kwahiyo hata kuhesabu nani mwaminifu si rahisi. Lakini ile habari ya ufunguo imenikaa, na inanikaa kwa sababu na mimi yalinikuta.

Niliokota kipochi kwenye siti ya gari, cheusi, zipu imekatika. Ndani hela si nyingi, kikaratasi chenye namba ya simu, na miwani ya kusomea ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi mweusi, uzi umezungushwa mara nyingi kwa uangalifu na fundo limechomwa moto kwa nchani lisifumuke. Nilijua kabisa nitarudisha, sikuwa na mpango wa kula ile hela, naapa. Nikakiweka mezani nikasema jioni nitapiga. Jioni nikachoka. Kesho yake simu haikuwa na salio, alafu wageni, alafu usiku umeingia si vizuri kumsumbua mtu. Siku ya tatu ndo nikapiga, shikamoo mzee, nimeokota kipochi chako. Akaja mwenyewe. Hela hakugusa, alitoa miwani akaifuta kwa shati akavaa, akaniangalia usoni vizuri, akauliza mwanangu uliiokota lini. Nikamwambia juzi asubuhi. Akasema juzi nilirudi pale stendi mara mbili kuuliza. Akanishukuru sana na akaondoka, na mi nilibaki nimesimama pale pale kama niliyeshikwa ugoni.

Tangu hapo naona mjadala wa urudishe au ukae nacho umekaa vibaya kidogo, kwa sababu wengi wanaokaa na vitu vya watu hawakuamua kuvichukua. Walisema kesho. Kesho ikazaa kesho, ikafika siku ambayo kurudisha ni aibu kuliko kukaa kimya, utaulizwa ulikuwa wapi muda wote huo, na kitu kikageuka chako kwa uchovu tu. Sheria ya wizi ya Uingereza ya 1968 inagusa hapa, inasema hukuwa na nia mbaya kama uliamini kweli kwamba mwenyewe hapatikani hata ukifanya jitihada za kawaida, na mwenye namba ya simu mkononi hawezi kusimama akasema aliamini hivyo. Simu ya mkononi ni hivyohivyo, ukiokota usitoe laini, usizime, ichaji, maana imefungwa na huwezi kumpigia mtu lakini mwenyewe atapiga, ni suala la masaa tu. Ukishachomoa laini umeshajibu lile swali.

Lipo na hili la wanaochukua hela halafu vitambulisho wanavipeleka mahali vikaonekane. Wanasema ni gharama ya usumbufu. Ni wizi, sina neno laini la kuuita. Ila nitasema jambo ambalo wengine watanipinga, huyu tusimtukane kuliko yule aliyetupa pochi nzima mtaroni, kwa sababu vitambulisho na vyeti ndo vinavyomkondesha mtu, foleni, viapo, miezi ya kwenda na kurudi, na kama matusi yetu yatamfanya aone bora atupe vyote basi tumemuumiza aliyepoteza mara ya pili. Na kama kweli alikuwa na njaa siku ile, mi siwezi kukaa nimeshiba nikamhukumu. Naomba tu akumbuke kwamba yeye na aliyepoteza hawajuani, hajui nani kati yao ana njaa zaidi.

Zawadi je? Hapa wengi wanasema kuomba chochote ni dhambi, na mi sikubaliani nao. Japani sheria inampa aliyeokota haki ya asilimia 5 mpaka 20 ya thamani ya kitu, na mwenyewe asipojitokeza ndani ya miezi 3 kinakuwa chake. Ujerumani ni asilimia 5 mpaka euro 500, kinachozidi hapo asilimia 3, na kusubiri ni miezi 6. Hawaoni aibu kuandika kwamba wema una gharama, nauli, muda, vocha. Kinachonichefua ni kuanza na bei, tuma kwanza ndo nikwambie nipo wapi, maana hapo umeshika mateka. Rudisha, kisha taja nauli yako bila kuona haya, na aliyerudishiwa kitu akakaa kimya anajidhalilisha mwenyewe.

Halafu kuna vile visivyo na alama, sarafu imelala njiani, noti moja imepeperushwa na upepo. Mishna ileile inasema hela zilizotawanyika ni za aliyeokota, kwa sababu hazina alama ya kumtambulisha mwenyewe na inachukuliwa alishakata tamaa nazo. Sheria ya Kiislamu ya lukata, yaani kitu cha kuokota, nayo inaanzia kwenye alama, kijue chombo chake na kamba iliyofungiwa, tangaza mwaka mzima, ndipo utumie, na mwenyewe akija hata baada ya hapo ni chake. Mtume alipoulizwa habari ya ngamia aliyepotea alikasirika, akasema una nini naye, ana maji yake na miguu yake, muache mpaka bwana wake amkute. Yaani kuna vitu ambavyo wema mkubwa ni kutovigusa, koti limesahaulika kwenye benchi, mwanasesere wa mtoto ukingoni mwa njia, viinue kidogo visikanyagwe uviache palepale, maana mtu akipoteza kitu anaanza kutafutia alipopita.

Kigeni zaidi siku hizi ni hela inayoingia kwenye simu kimakosa, na hapa nashangaa watu wanavyobishana kama vile ni jambo gumu. Meseji ina jina la aliyetuma, ina namba, ina saa na dakika. Hii ni pochi iliyodondoka na mwenyewe bado amesimama mbele yako. Hofu ya kutapeliwa ipo na ni ya haki, kuna meseji feki za nimekosea naomba rudisha, kwahiyo angalia salio lako kwanza uone kama hela kweli imeingia, kisha usirushe kwa namba mpya utakayotajiwa, mwambie apige huduma kwa wateja ya kampuni wairudishe wenyewe, na wewe acha ile hela ikae bila kuigusa mpaka waichukue. Wanaoitoa haraka kwa wakala kabla haijarudishwa wanajua wanachofanya, ndo maana wanatembea mbio.