Soli ya Kirumi

Wakati wa kiangazi, ambacho kaskazini mwa Uingereza hakizuii mvua kunyesha, nilijitolea kuchimba katika ngome moja ya Kirumi huko mashambani Northumberland, kusini kidogo ya Ukuta wa Hadrian ulioanza kujengwa mwaka 122. Tulielezwa kwamba tope la sehemu zile, kwa kuwa halipitishi hewa, huhifadhi ngozi na mbao kwa karne nyingi. Pale Vindolanda, ngome ya Kirumi ya sehemu hizo hizo, vimefukuliwa viatu kwa maelfu, pamoja na barua za vibao vya mbao zilizoanza kuonekana mwaka 1973. Tangu hapo sikuota kingine ila kiatu.

Siku ya tatu nilishinda nimepiga magoti handakini, nikikwangua kwa mwiko tope jeusi lenye harufu ya choo cha shimo, miguu imekufa ganzi. Niliporudi kutoka kunywa chai, mwiko ukagusa kitu chenye kunepa. Nilikipangusa kwa kidole: ngozi! Tena ina misumari mifupi ya chuma, vichwa vya mviringo, kama ile ya viatu vya askari wa Kirumi tuliyoonyeshwa pichani. Nikapiga ukelele ambao, nakiri, haukuwa wa kitaalamu.

Kazi ilisimama. Watu waliacha matoroli wakazunguka handaki, na mama msimamizi akashuka mwenyewe, akaipokea soli kwa mikono miwili kama mkunga, akaimwagia maji taratibu. Alitabasamu mpaka alipofika kisiginoni, ambapo tope lilipotoka ilijitokeza raba nyeusi yenye kashata za tairi.

“Warumi,” akasema polepole, “magari yao yalikokotwa na farasi.”

Kisha akaitazama miguu yangu. Wote wakaitazama, nami pia. Wa kushoto ulikuwa na buti. Wa kulia ulikuwa na buti kwa upande wa juu tu. Chini ilikuwa soksi.

Buti zile nilizinunua mtumba, soko la Karume, Dar es Salaam, na fundi wangu, ambaye haamini gundi, alizipigilia soli mpya kwa misumari, akaongeza kiraka cha tairi, akaniapia kwamba zitanizika.

Mwenzangu wa handakini, kijana wa Mombasa, alinikumbusha kwamba kibao kimoja cha Vindolanda kinataja mzigo aliotumiwa mtu: soksi, makubazi jozi mbili na chupi mbili.

“Nawe andika nyumbani, ndugu yangu,” akasema. “Ila chupi usiombe; zako hatujazifukua bado.”