Refa ndo anaitoa timu kwenye mtoano? Inategemea

Timu ikitolewa kwenye mtoano wa kwanza kutukanwa ni refa, halafu wanakuja wale wa "mngefunga magoli yenu msingelia". Mi naona wote wanarahisisha, kwa sababu kosa la refa halina uzito mmoja kila mahali, cha kuangalia ni ubao ulikuwa unasomaje na dakika zilibaki ngapi.

Chukua Yanga na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2024. Kwa Mkapa 0-0, tukaenda Pretoria Aprili 5, kipindi cha pili Aziz Ki kaachia shuti likagonga mtambaa panya kwa chini, mpira ukadunda ukatoka, na kwenye marudio wengi tuliuona umeshavuka mstari. Refa Dahane Beida wa Mauritania hakutoa goli, VAR (marefa wasaidizi wa video) ipo na haikubadilisha kitu, teknolojia ya mstari wa goli hakuna. Sasa sheria ya goli la ugenini ilikuwa bado inatumika, yaani jumla ikiwa sare anapita aliyefunga mengi ugenini, kwahiyo lile lingekubaliwa Sundowns wangetakiwa wafunge mawili, na hao hao kwenye mechi zote mbili hawakupata hata moja!

Upande wa pili nao wana hoja, tusijizime data. Mechi ilienda penati ikaisha 3-2, Aziz Ki yuleyule alikosa yake na pale Beida hakuhusika. Na Sundowns wangefungwa wangefunguka, labda wangerudisha mawili, nani ajuaye. Sawa, ila kumwambia Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, "mngefunga" ni kichekesho maana lalamiko lake lenyewe ni kwamba alifunga.

Ufaransa na Ireland, Paris, Novemba 2009, mtoano wa kwenda Kombe la Dunia, ni kesi nyingine kabisa. Thierry Henry wa Ufaransa kautuliza mpira kwa mkono kampa mwenzake Gallas, goli dakika ya 103, na Henry mwenyewe baada ya mechi alikubali kwamba ule ulikuwa mkono. Wizi wa mchana kweupe. Lakini Ireland walikuwa hawajavuka, matokeo ya jumla yalikuwa 1-1 na mechi ilikuwa inaelekea penati, na kabla ya hapo Damien Duff wao alibaki yeye na kipa akakosa. Refa aliwanyima nafasi ya kuendelea kupambana, tiketi walikuwa bado hawajaishika.

Kwenye ligi ukionewa leo una mechi kibao za kufidia, mtoano hauna hiyo, ndo maana timu zikilingana kosa moja linabeba kila kitu. Pengo likiwa kubwa refa hata hakumbukwi, siku ileile Simba wametolewa na Al Ahly jumla 3-0, hebu niambie refa alikuwa nani. Kwa hiyo lawama za Paris mi naweka nusu kwa refa nusu kwa Ireland, ya Pretoria Beida na chumba chake cha VAR wanabeba zaidi ya nusu, zile penati zilizokoswa ni za Yanga wenyewe.